Sura ya Tano: Mtaa Hauhamishwi Nyumba kwa Nyumba

Minto iko kusini-magharibi mwa Sydney, katika eneo la Campbelltown, kwenye bara ambalo wengi huliona kuwa tulivu kuliko yote duniani. Katika miaka ya 1970 Tume ya Nyumba ya jimbo la New South Wales ilijenga hapo mtaa mkubwa wa kupangisha watu wa kipato cha chini: takriban nyumba elfu moja, nyingi zikitazama viwanja vya nyasi vya pamoja na kuipa barabara mgongo. Mei 2002 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba mtaa huo utabomolewa na kujengwa upya, na kwamba mradi ukikamilika nyumba za serikali zitakuwa sehemu ndogo tu, karibu theluthi moja, nyingine zikiuzwa kwa watu binafsi. Kwa zaidi ya miaka kumi familia ziliondolewa kwa awamu na kugawanywa katika nyumba nyingine, baadhi jirani na hapo, baadhi mbali. Ardhi haikutikisika, wala hakuna aliyefukiwa na kifusi. Hata hivyo, anayetaka kujua jamii huinukaje baada ya tetemeko kubwa ana jambo la kujifunza hapa. Tetemeko huleta mambo manne kwa mpigo: kifo, hofu, kupoteza nyumba na kutawanyika kwa majirani. Kwa kuwa yote huja pamoja, ni vigumu kujua lipi limeleta jeraha gani. Minto lilikuja moja peke yake. Nyumba zilibadilishwa, mara nyingi kwa nyumba bora zaidi, na majirani wakatawanywa.

Hoja ya sura hii ni kwamba jamii iliyopigwa na tetemeko huinuka kwa kadiri majirani wanavyobaki pamoja na kuwa na sauti katika ujenzi, na kwamba serikali nyingi hukosea kwa kuhesabu mapaa badala ya kuhesabu majirani. Sisemi kwamba nyumba si muhimu. Nasema kuwa nyumba ni nusu ya kazi, na kwamba nusu ya pili haijengwi na mkandarasi. Jirani ndiye anayejua mzee fulani hulala chumba cha nyuma, mama fulani ana mtoto mgonjwa, na ufunguo wa zahanati uko kwa nani. Maarifa hayo hayaandikwi kwenye daftari lolote la ofisi, na familia zikitawanywa hupotea bila mtu kuyaandikia taarifa ya hasara.

Tuanze na tetemeko lililo karibu zaidi na Minto. Tarehe 28 Desemba 1989, saa nne na dakika 27 asubuhi, mji wa Newcastle, kaskazini mwa Sydney katika jimbo hilohilo, ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.6. Watu 13 walikufa, 9 kati yao katika jengo moja la klabu ya wafanyakazi, na zaidi ya 160 walilazwa hospitalini. Nyumba zipatazo 35,000 ziliharibika. Kwa kipimo cha dunia lile lilikuwa tetemeko la wastani, lakini liliukuta mji wa kuta za matofali zisizo na uimarisho, vishikizo vya chuma vilivyoliwa na kutu, na mitaa iliyokaa juu ya udongo laini wa mto. Australia ilijifunza na kukaza kanuni zake za ujenzi. Lakini lilikuwapo funzo jingine ambalo halikusikika sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, wakiongozwa na Vaughan Carr, waliwafuatilia wakazi kwa miaka kadhaa, nao walitenganisha vitu viwili: hofu ya tetemeko lenyewe, yaani kuumia au kunusurika, na mvurugiko uliofuata, yaani kuhama, kupoteza mali na kupinduliwa kwa maisha ya kila siku. Waligundua kwamba vyote viwili vilihusiana na msongo wa akili. Kumbe mtu ambaye hakuguswa hata na tofali moja aweza kuumizwa na miezi inayofuata. Kinachotokea baada ya ardhi kutulia ni sehemu ya maafa yenyewe, na sehemu hiyo huamuliwa na binadamu.

Japani ilithibitisha jambo hili kwa gharama kubwa. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu 6,434. Serikali ilifanya kazi ya kusifiwa kwa kasi yake: ndani ya miezi michache nyumba za muda zipatazo 48,000 zilisimama. Ili kutenda haki, nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu, wazee na walemavu wakitangulizwa. Nia ilikuwa njema na hesabu zilikuwa safi, lakini matokeo yake yalikuwa kambi zilizojaa wazee wasiofahamiana, kila mmoja ametolewa mtaa wake na kuwekwa kati ya wageni. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 200 walikutwa wamekufa peke yao ndani ya nyumba hizo, wengine baada ya siku nyingi. Walikuwa na paa, maji na umeme. Walichokosa ni mtu wa kushangaa kwamba leo mlango haujafunguliwa. Miaka tisa baadaye, Oktoba 2004, tetemeko la Chuetsu liliikumba Niigata, na kijiji cha milimani cha Yamakoshi, chenye wakazi wapatao 2,000, kikalazimika kuhama chote. Safari hii wakuu walikuwa wameielewa Kobe. Walihamisha vitongoji kama vitongoji, kila kimoja kikapewa nyumba za muda za pamoja mjini Nagaoka, majirani wa mlimani wakawa majirani wa kambini. Nchi ni moja na aina ya nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni kanuni ya ugawaji. Wakazi wa Yamakoshi walikaa uhamishoni kama jamii, wakapanga kurudi kama jamii, na wengi wao wakarudi.

Sasa tuitazame Kagera, maana huko sura ya pili ya tatizo inaonekana waziwazi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa huo, kitovu chake kikiwa upande wa Missenyi, kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Kwa takwimu rasmi watu 17 walikufa Tanzania, mamia wakajeruhiwa, zaidi ya nyumba 2,000 zikaporomoka na maelfu nyingine zikapasuka. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa. Lakini jambo moja halikuvunjika. Mhaya wa kijijini huishi ndani ya kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba, ambamo mara nyingi wamezikwa wazazi na mababu zake. Kibanja hakihamishiki. Nyumba ilipoanguka, familia zililala chini ya turubai palepale, zikipikiana na majirani walewale. Mkoa huu ulikwishapitia vita vya 1978 na 1979, ukaonja Ukimwi mapema kuliko mikoa mingine ya nchi, ukapoteza mamia ya watu katika kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996. Una mazoea ya kubeba msiba kwa pamoja. Vikundi vya kufa na kuzikana viko vijijini kote, vyenye michango, masharti na viongozi, na mtu akipatwa havingoji barua kutoka wilayani.

Kilichokosekana Kagera ni saruji. Michango ilikusanywa kwa jina la waathirika kutoka ndani na nje ya nchi, na serikali ikaamua kuielekeza kwenye miundombinu ya umma: shule, vituo vya afya, barabara. Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba na kusema bayana kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwani shule ni ya wote, na Ihungo ilijengwa upya kwa mchango mkubwa wa Uingereza na leo imesimama imara. Lakini kwa kaya iliyokuwa chini ya turubai, tafsiri yake ilikuwa kwamba kila mtu ajenge kwa alichonacho. Na mwenye kichache hujenga kama alivyojenga mwanzo: tofali za kuchoma zilizoshikizwa kwa udongo, ukuta mrefu usio na mkanda wa zege juu, pembe zisizofungwa kwa nondo. Ni nyumba ileile iliyomwangukia. Minto ilipata nyumba ikapoteza majirani; Kagera ilibaki na majirani ikakosa nyumba. Mahali pote pawili kazi iliishia nusu.

Turudi Minto tuitazame nusu yake kwa karibu. Mwaka 2005 mtafiti Judith Stubbs alitoa utafiti wake juu ya watu walioondoka mtaani hapo. Utafiti huo haukuficha kwamba wapo waliozipenda nyumba walizohamia. Lakini ulionyesha pia uzito wa habari iliyowafikia wakazi bila kuulizwa, wasiwasi wa kungoja zamu ya kuondolewa, na huzuni ya kuachana na watu waliolea watoto pamoja. Wakazi wenyewe waliunda kundi la kujitetea, wakadai wasikilizwe, wakadai anayetaka kubaki abaki. Tafakari jambo hili: hapa ni nchi tajiri, hakuna aliyelala nje, kuhama kulipangwa kwa miaka, na kila familia ilipewa makao. Ikiwa katika hali nzuri kiasi hicho kutawanywa kulijeruhi, basi kutawanywa kunakokuja juu ya msiba, kifusi na usiku wa baridi kutajeruhi mara ngapi? Tena aliyeumia zaidi ni yule anayemhitaji jirani kwa mambo ya kila siku: mzee, mgonjwa, mama asiye na gari, mhamiaji ambaye lugha ya nchi bado ni nzito mdomoni mwake. Tajiri hununua msaada popote aendapo. Maskini msaada wake umo mtaani, na ukimtoa mtaani umemnyang'anya mali ambayo hakuna afisa aliyeiandika kwenye fomu ya fidia.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito: mitaa kama Minto ilikuwa mitaa ya umaskini, yenye jina baya na kazi chache, na kuilinda ni kuwafungia watu ndani ya dhiki. Hoja hii ndiyo iliyotumika kubomoa mitaa mingi ya aina hiyo duniani, na haifai kupuuzwa. Ushahidi wake mzuri zaidi unatoka Marekani, ambako kuanzia mwaka 1994 mpango wa majaribio katika miji mitano, ikiwemo Chicago na New York, ulizipa familia za mitaa maskini hati za kuhamia mitaa yenye nafuu. Watu wazima waliohama hawakupata kazi zaidi wala kipato kikubwa zaidi, ingawa afya yao ya akili iliboreka. Watoto waliohama wakiwa wadogo, chini ya miaka 13, walikuja kupata kipato kikubwa zaidi ukubwani. Nakubali matokeo hayo yote. Lakini familia zile ziliomba zenyewe kuhama. Zilijiandikisha kwa hiari, na hata zilipopata hati ziliweza kukataa. Kwa hiyo ushahidi huo unatetea haki ya kuondoka, hautetei kuondolewa. Baada ya tetemeko watakuwepo vijana watakaotaka kwenda mjini na wazee watakaokataa kuachana na makaburi ya wazazi wao. Sera nzuri humfungulia mlango kijana bila kumsukuma mzee nje.

Pingamizi la pili linasema kwamba mara nyingine ardhi yenyewe haikaliki tena. Ni kweli. Baada ya tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 lililoua watu 185 mjini Christchurch, New Zealand, serikali ilitangaza maeneo ambayo udongo wake uligeuka tope na hautafaa kujengwa, ikanunua mali karibu 8,000. Hakuna mwenye akili atakayewataka watu wajenge juu ya tope. Ila fedha zile zilitolewa kwa kila mwenye mali peke yake, na kila mmoja akatafuta pa kwenda peke yake. Yamakoshi ilionyesha njia nyingine: ardhi ikishindikana, jamii huhama ikiwa jamii. Viwanja vipya vyaweza kutolewa kwa mafungu ya kaya kumi au ishirini zilizochaguana zenyewe. Kazi hiyo humchosha zaidi mpangaji wa mji, lakini uchovu wa mpangaji ni gharama ndogo.

Pingamizi la tatu ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema kusifu ujirani ni kuipa serikali kisingizio: kama wananchi wanasaidiana vizuri hivyo, bajeti ya nini? Kagera inatufundisha tusilipuuze onyo hili. Tena ujirani wenyewe haumfikii kila mtu kwa usawa. Mtafiti Joachim De Weerdt alichunguza kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, wilayani Bukoba, mwaka 2000, akachora nani humtegemea nani wakati wa shida. Alikuta mtandao mpana wa undugu, ujirani na vikundi vya kuzikana. Alikuta pia kwamba kaya maskini zina nyuzi chache kuliko zenye uwezo. Anayehitaji sana ndiye mwenye wachache wa kumkimbilia. Na tetemeko lina ubaya mmoja ambao msiba wa kawaida hauna: huwapiga wote siku moja. Jirani anayechangia sanduku na unga wa matanga hawezi kukuchangia bati ilhali bati zake zimelala chini. Kwa hiyo ujirani hauwezi kuchukua nafasi ya fedha za umma. Kazi ya ujirani ni kuhakikisha fedha hizo zinamfikia anayestahili, zinajenga anachohitaji, na zinaacha nyuma watu wanaojuana.

Jinsi nusu hizi mbili zinavyounganishwa ilionekana Gujarat, India, baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lililouangamiza mji wa Bhuj na vijiji vya Kutch. Wakutchi si wageni kwa msomaji wa pwani yetu: wafanyabiashara wao walikuwa Unguja na Mombasa karne nyingi, na ndugu zao walioko Afrika Mashariki walichangia ujenzi mpya. Serikali ya Gujarat awali ilifikiria kuhamisha vijiji vingi na kuvijenga upya kwingine. Wanavijiji walio wengi walikataa. Badala yake kila mwenye nyumba alipewa fedha kwa awamu: awamu ya kwanza akaanza msingi, fundi mkaguzi akaja kuona kama kuna mikanda ya zege na nondo za pembeni, ndipo awamu ya pili ikatoka. Mafundi wa vijijini walifundishwa ujenzi unaohimili tetemeko. Watu walijenga palepale, kwa majirani walewale, lakini nyumba tofauti na iliyoanguka. Tafiti zilizolinganisha vijiji hivyo na vile vilivyojengwa na wakandarasi kwingine zilikuta wakazi wa vijiji vilivyojijengea wameridhika zaidi, na mara nyingi kwa gharama ndogo. Mfumo huu hauhitaji utajiri wa Australia wala Japani. Unahitaji daftari sahihi, mafundi waliofunzwa, na serikali iliyo tayari kumwamini mwananchi kwa fedha na kumkagua kwa haki.

Tanzania ilitunga Sheria mpya ya Usimamizi wa Maafa mwaka 2022, yenye kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Muundo huo unaweza kubeba haya yote ukitakiwa kufanya hivyo. Bonde la Ufa halitaacha kutikisika: Toro nchini Uganda mwaka 1966, Kalemie nchini Kongo mwaka 2005, Bukavu na Rusizi mwaka 2008, Kagera mwaka 2016. Litakuja jingine, na siku hiyo hapatakuwa na muda wa kujadili falsafa ya ujirani. Kila kijiji na kila mtaa uandike leo nani anaishi peke yake na nani atamwangalia. Kila halmashauri ipitishe sasa kanuni kwamba mahema na nyumba za muda zitagawiwa kwa vitongoji, kamwe si kwa bahati nasibu. Kila fundi wa kijijini afundishwe kufunga mkanda wa zege kabla ukuta haujaanguka. Na kiongozi atakayefika kutoa pole asiondoke mpaka aulizwe maswali mawili: fedha ya ujenzi iko wapi, na majirani hawa watabaki pamoja? Asiyeweza kujibu yote mawili hajamaliza kazi yake.